Pikipiki zetu ziwe na alama: maneno tuliyowaambia wamotari wa Baraka na Fizi

Maneno haya tuliyasoma Baraka mbele ya wamotari, mafundi wa garaji na wenye pikipiki. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale wa Fizi-centre, Mboko, Nundu, Lulimba na Misisi ambao hawakufika.

Tunajua kila motari aliyeketi hapa ameacha wateja barabarani, na pesa ya mwenye pikipiki jioni inahitajika hata kama mchana ulikuwa kwenye mkutano.

Sisi ni vijana wa harakati ya wanainchi. Kati yetu kuna waliomaliza chuo kikuu. Kuna wa sheria, kuna wa uchumi, kuna wa maendeleo ya vijijini. Diplome ziko kwenye valizi chini ya kitanda, zinalindwa vizuri kuliko pikipiki. Kazi hazikuonekana, na wengi wetu kazi iliyotupokea bila kutuomba barua ya mkubwa fulani ni hii ya kubeba watu. Kwa hiyo tukisema habari ya wizi wa pikipiki, hatuwasemei watu wa mbali. Tunasema habari ya nyumbani kwetu.

Tuanze na kilichotuleta hapa. Si siku nyingi zilizopita mwenzetu mmoja alikaribia kuchomwa katikati ya mji huu. Alikuwa amenunua moteri ya okazyo kwa fundi, mchana, mbele ya watu, kwa pesa aliyoikopa kwenye AVEC ya mama yake. Akaifunga kwenye shasi yake, akaanza kazi. Siku ya tatu, kwenye parkingi, mtu mwingine akaiangalia ile moteri na kuona kovu analolijua, mahali alipoanguka nayo kwenye mawe ya kupanda Fizi. Akasema: "Hii moteri ni yangu." Mwenzetu akajibu: "Nimeinunua." Neno la kwanza lilikuwa hilo. Neno la pili lilitoka kwa mtu wa pembeni ambaye hakuwajua hata mmoja wao, na lilikuwa "mwizi". Mnajua jinsi neno hilo linavyokimbia. Tairi ikaja. Mtu akaja na chupa ya petroli.

Walioizima ile hasira ni wamama wawili wauza ndagala waliomjua mama yake. Walisimama mbele yake na masinia yao, wakakataa kutoka. Na motari mmoja akapaza sauti: "Tumuulize kwanza fundi aliyeuza." Hivyo tu. Hatukuwa na shujaa mwingine siku ile, na sisi wenyewe wa harakati tulifika wakati mambo yamekwisha.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu. Fundi aliulizwa, akasema alinunua kwa mtu aliyesema inatoka Uvira. Mtu huyo hakuonekana tena. Moteri ilikuwa imeibwa kweli. Mwenye kovu alisema kweli. Mwenzetu pia alisema kweli. Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi wala alama ya kuonyesha. Kovu ndilo lililokuwa karatasi. Kama ile moteri ingekuwa na alama, mwenzetu asingeinunua, au angeinunua akijua anauliza nini. Na mwenyewe angeipata bila mtu kutafuta petroli.

Tuseme basi wazi jinsi pikipiki inavyopotea hapa kwetu, kwa kuwa watu wengine wanafikiri mwizi anaipanda na kwenda nayo mbali. Wakati mwingine ni hivyo. Kutoka Baraka njia si nyingi: barabara ya taifa namba 5 kwenda Mboko mpaka Uvira, njia ya kupanda Fizi-centre na kuendelea Lulimba na Misisi kwenye machimbo ya zahabu, njia ya pwani kwenda Sebele, na ziwa lenyewe. Pikipiki nzima inaonekana. Inapita baryeri, inapita parkingi, kuna anayeijua. Lakini pikipiki iliyofunguliwa haionekani. Usiku mmoja, funguo tatu na nyundo, asubuhi hakuna pikipiki tena. Kuna moteri, janti mbili, karbirateri, batri, tanki, vioo, taa. Moteri inakwenda kwenye gunia la muhogo. Batri inalisha taa za nyumba. Na shasi, ambayo ndiyo kitu pekee chenye namba ambayo watu wanajua kuiangalia, inatupwa au inakatwa. Kwa hiyo tukilinda namba ya shasi peke yake, tunalinda kile ambacho mwizi anakitupa.

Turudi kwenye namba yenyewe, maana tumegundua kwamba wengi wetu tunapanda pikipiki miaka mitatu bila kuijua. Namba ya shasi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Safisha tope, uangalie. Kwa pikipiki nyingi ni herufi na namba 17. Kanuni hiyo ni ya dunia nzima, na herufi tatu zilikatazwa kabisa ndani yake: I, O na Q, juu zinafanana na 1 na 0. Basi mkiona karatasi ya pikipiki ambayo imeandikwa O katikati ya namba ya shasi, aliyeiandika alikosea au alidanganya, na katika hali zote mbili usilipe bado. Herufi tatu za kwanza zinamtaja aliyetengeneza. TVS za India kwa kawaida zinaanza na MD6. Bajaj za India, ndizo Boxer, zinaanza na MD2. Zinazotoka China zinaanza na L. Mtu akikuuzia Boxer na shingo inaanza na L, muulize vizuri, na umuulize mbele ya mtu mwingine.

Moteri nayo ina namba yake, ubavuni chini, upande wa pedali ya vitesi. Mafuta na vumbi vinaifunika. Ile ya mwenzetu ilikuwa imesuguliwa kwa lima mpaka pakang'aa. Hapo tuwaambie neno moja la kiufundi: mahali palipogongwa namba, chuma kimebanwa mpaka ndani, na lima inaondoa juu tu. Maabara za polisi sehemu nyingine zinapaka dawa ya asidi na namba ya zamani inarudi kuonekana. Hapa kwetu hatuna maabara. Lakini tuna macho, na moteri yote kuwa chafu huku sehemu ya namba peke yake ikiwa safi kama sahani ya harusi, hiyo ni dalili ya kutosha kuacha kununua.

Nchi jirani wanahangaika na jambo hilihili. Rwanda, motari anavaa kizibao na kofia vyenye namba, na koperative inamjua. Uganda walianza mwaka 2023 kuleta plaki za dijitali ili serikali iweze kufuata chombo kinakopita. Uingereza, tangu mwaka 2013, watengenezaji wa pikipiki walikubaliana kuziwekea piesi alama za siri tangu dukani, ili hata kipande kimoja kiweze kusema kilitoka wapi. Na Interpol, polisi ya mataifa, ina daftari la vyombo vilivyoibwa, ambalo linapokea pikipiki na hata piesi zinazoweza kutambuliwa. Tunayataja haya si ili tuseme tusubiri plaki za dijitali hapa Baraka. Kwetu mtandao ukikatika mvua ikinyesha hakuna anayeshangaa. Tunayataja kwa sababu wazo la Waingereza lile halihitaji mtandao. Linahitaji msumari.

Tunachopendekeza ni hiki. Kila mwenye pikipiki achukue namba sita za mwisho za shasi yake na kuziandika kwenye kila kipande kinachoweza kufunguliwa na kuuzwa. Kwa nini hizo na si jina lako, au namba mpya ya harakati? Tulibishana sana juu ya hili. Baadhi yetu walitaka namba mpya, BRK 001, BRK 002, ionekane kazi yetu. Mzee mmoja fundi akatuuliza: "Na daftari lenu likiungua?" Tukanyamaza. Namba ya shasi haihitaji daftari letu. Ukiikuta janti yenye 204417 kwenye pikipiki yenye shasi inayoishia 889032, unajua hapo hapo, bila kupiga simu kwa mtu yeyote, kwamba kuna swali la kuuliza. Swali, tumesema. Bado si jibu.

Maana piesi za okazyo ni maisha yetu. Bila hizo nusu ya pikipiki za Fizi zingesimama. Mtu ana haki ya kuuza moteri yake na mwingine ana haki ya kuinunua. Kwa hiyo kanuni yetu ya pili: alama haifutwi, inaongezwa. Ukiuza janti yako, namba yako inabaki, unapiga mstari mmoja chini yake, na mnunuzi anaandika yake chini ya mstari. Pamoja na hiyo, karatasi ya kuuza, hata ya daftari la mtoto wa shule: nani ameuza, nani amenunua, kitu gani, namba gani, bei, tarehe, na mashahidi wawili. Fundi akiwa kati ya mashahidi, vizuri zaidi. Kipande chenye namba mbili na mstari katikati kinaeleza safari yake. Kipande kilichokwanguliwa kinaeleza pia.

Sasa mafundi, mtusikie na mtusahihishe tukikosea, kwa sababu kuna watu wataenda nyumbani leo na kuanza kugonga kila kitu kwa nyundo.

Namba ya asili ya shasi na ya moteri haiguswi. Usiigonge upya, usiinyooshe, usiipake rangi nzito. Ukiharibu namba yako mwenyewe umejifanya mwizi wa pikipiki yako. Kwenye shasi usigonge kabisa, hasa karibu na maungio ya soda: pale ndipo uzito wote unapopita, na pikipiki zetu zinabeba watu wawili na gunia, wakati mwingine na mbuzi. Moteri ni alminyomi. Ukiipiga pwanso kwa nguvu inapasuka na kuvuja mafuta. Kwanguza kwa mkono, kwa msumari wa beto au ncha ya chuma kigumu, mahali pa nje penye unene. Mikono ya amortisere ya mbele, ile sehemu inayong'aa na kuingia ndani, usiiguse, ukiikwanguza itakula mpira na mafuta yatatoka. Breki, ekseli, usiguse. Janti ya chuma inakubali pwanso ndogo upande wa ndani. Tanki ni bati jembamba na ndani kuna mvuke wa petroli: hakuna mashine ya umeme hapo, hakuna kitu cha kutoa cheche. Kwanguza kwa mkono upande wa chini, kisha paka vanishi ya kucha ya dada yako ili kutu isiingie. Plastiki za pembeni, vioo, mgongo wa taa: sindano iliyopashwa moto inaandika vizuri. Batri, andika kwenye plastiki yake kwa sindano hiyohiyo, lakini ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mbali, juu batri nayo inatoa gesi.

Halafu weka alama moja ya siri. Kipande cha karatasi chenye jina lako na mwaka, kimefungwa kwenye plastiki, kimesukumwa ndani ya bomba la usukani, au maandishi chini ya kiti, chini ya sponji. Alama hiyo usimwambie mtu. Hata sisi usituambie. Siku ya mabishano, wewe utasema mbele ya watu "fungueni hapa", na itatosha.

Tuje kwenye daftari, na hapa tuseme ukweli wote. Daftari tunalitaka, la kuandika pikipiki zilizopotea na zilizopatikana. Lakini tunaishi Fizi. Daftari lenye majina ya wote wenye pikipiki, na nyumba wanazolala, ni zawadi kwa mtu mwenye bunduki. Ni zawadi pia kwa yule anayekuja kila mwezi na jina jipya la kodi. Kuna wazee waliotuambia wazi: "Vijana, tutaandika namba, lakini hatutaandika avenyu." Wana haki. Kwa hiyo daftari litakuwa na namba ya shasi, aina, rangi, parkingi anapofanyia kazi, na namba ya mpangilio. Majina na simu vitakaa kwenye daftari jingine, kwa watu wawili watakaochaguliwa na nyinyi wamotari wenyewe, si na sisi, na watu hao watoke kartie mbili tofauti na jamii mbili tofauti. Hakuna picha ya daftari kwenye simu. Atakayelipiga picha atatoka kwenye kazi hii siku hiyohiyo, hata kama ni mmoja wetu.

Tumesema jamii mbili tofauti, na tunajua kuna waliokunja uso. Tuliseme basi. Kila pikipiki ikipotea kuna kidole kinachonyooshwa mbele ya uchunguzi wowote. Wakati mwingine kinaelekea kwa wakimbizi wa Burundi wa Lusenda au wa Mulongwe. Wakati mwingine kwa kijana wa kabila lingine aliyekuja sokoni. Wakati mwingine kwa sisi tusio na kazi, "wale wasomi wanaokaa bure". Fundi aliyeuza ile moteri ni mtu wa hapa, aliyeinunua ni wa hapa, aliyeibiwa ni wa hapa, na waliotafuta tairi ni wa hapa. Mwizi hatumjui mpaka leo.

Kuna wanaosema: kwa nini tusiwachome tu, wengine wataogopa? Tumewasikia, baadhi yao wako hapa, na hatuwafukuzi. Wanasema polisi inamwachilia mwizi baada ya siku mbili. Ni kweli inatokea. Sisi wenyewe tulimsindikiza jamaa mmoja kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja, pikipiki yake ikiwa imepatikana na kuwekwa uani. Aliombwa pesa ya karatasi, kisha pesa ya petroli ya waliokwenda kuitafuta, kisha pesa ya kulinda. Siku aliyoipata, batri haikuwepo, vioo havikuwepo, na karbirateri ilikuwa imebadilishwa kwa mbovu. Pikipiki iliibwa mara mbili, mara ya pili ikiwa na stakabadhi.

Lakini hata hivyo tunakataa tairi. Mnakumbuka mwezi wa pili wa mwaka 2011? Sisi tulikuwa watoto, tulipanda kwenye kuta ili tuone. Korti ya kijeshi ilikuja kukaa hapa Baraka, mbele ya watu, kuhukumu ubakaji na uporaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Aliyekuwa mbele ya majaji ni luteni-kanali, pamoja na askari wake, na alipewa miaka 20. Wamama walitoa ushuhuda. Mji huu ulimwona mkubwa mwenye nyota mabegani akihukumiwa kwa maneno ya wamama wa kijijini, bila mtu kumwagiwa petroli. Basi mwizi wa TVS anashindikana vipi? Na sheria ipo. Kitabu cha makosa kinaadhibu wizi, na kinaadhibu pia, kwenye kifungu cha 101, yule anayepokea na kuficha kitu kilichopatikana kwa kosa. Ndugu mafundi, kifungu hicho kinawatazama nyinyi na sisi wanunuzi. Fundi mwenye daftari la kununua, lenye jina la aliyemletea na namba ya kitambulisho chake, ana la kumwambia hakimu. Asiye nalo atajitetea kwa mdomo mtupu. Aliyemuuzia mwenzetu analijua hilo leo. Amekubali kurudisha pesa kidogo kidogo, na tunamheshimu kwa hilo, juu hakukimbia.

Pikipiki ikipotea, saa ya kwanza ndiyo yenye faida. Piga simu kwenye parkingi kabla ya kuzunguka mji mzima na kulia. Parkingi ya Baraka ipige Lweba na Nundu kwa njia ya Uvira, ipige Fizi-centre kwa njia ya juu, na mtu mmoja akimbie ufukweni kuzungumza na wenye mitumbwi. Sema aina, rangi, namba sita, na kitu kimoja kinachoonekana, taa iliyopasuka au kiti cha bluu. Kisha nenda polisi, andikisha, omba namba ya prosè-verbal na uitunze. Kwenye WhatsApp, andika tarehe na saa ndani ya ujumbe wenyewe. Mmoja wetu alisimamishwa Mboko na vijana wenye hasira akiwa juu ya pikipiki yake mwenyewe, iliyoibwa miezi mingi nyuma na kupatikana zamani, kwa sababu ujumbe wa zamani ulikuwa bado unatembea bila tarehe. Ikipatikana, tuma "imepatikana" kwa wote uliowatumia. Na picha ya uso wa mtu usitume. Namba inatosha, uso unaua.

Na neno kwa wanaoendesha usiku: ukisimamishwa na watu wenye silaha, toa ufunguo, shuka. Kwa ajili ya saa ile ndiyo tunaandika namba, ili usihisi kwamba ukiachia usukani umeachia kila kitu. Pikipiki mpya ni zaidi ya dola 1,000 na tunajua wengine bado mnalipa deni lake. Shuka hata hivyo.

Kwa wakubwa wa mji na wa teritware tunaandika pétisyo. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mwenye mamlaka, peke yake au na wengine, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tutahesabu siku. Tunaomba mambo matatu tu: kuandikisha wizi kusilipiwe, orodha ya pikipiki na piesi zilizoko uani ibandikwe mlangoni kila juma, namba zikionekana, na pikipiki ikiingia uani, mwenye kuileta na askari wasaini karatasi ya vipande vilivyopo, batri, vioo, karbirateri, ili itoke kama ilivyoingia. Hatukuomba gari, hatukuomba kompyuta. Karatasi na gundi tutaleta sisi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa hapahapa chini ya mwembe. Mafundi watatu wamekubali kukaa na sisi bila malipo mpaka adhuhuri. Tuna pwanso seti moja tu, kwa hiyo kutakuwa na mstari. Misumari na sindano vipo vya kutosha. Njoo na pikipiki iliyooshwa shingo na ubavu wa moteri, na karatasi yoyote uliyonayo, iwe karte roze, iwe fakitire ya duka, iwe ile ya daftari la mtoto. Asiye na karatasi aje na watu wawili wanaojua pikipiki hiyo aliinunua wapi, tutaandika maneno yao na watasaini. Wa Fizi-centre, tutapanda kwenu Jumamosi inayofuata, barabara ikikubali. Wa Mboko na Nundu, chagueni siku na mtuambie.

Wamama wawili wa ndagala tuliwaomba wawe mashahidi wa kwanza kusaini daftari. Mmoja amekubali. Mwingine amesema atakuja kuona kwanza kama tunafanya kweli.